Ushahidi Uliovaa Sare ya Adui: Uhakiki wa Kumbukumbu za Selous Scouts

Sehemu hii inahakiki Selous Scouts: Top Secret War (1982), kumbukumbu alizoandika Ron Reid-Daly kwa kushirikiana na Peter Stiff. Reid-Daly aliongoza kikosi hicho maalumu cha Rhodesia, kilichoundwa mwaka 1973 na kuvunjwa mwaka 1980. Mbinu yake kuu, ambayo Waingereza waliitumia awali dhidi ya Mau Mau nchini Kenya, ilikuwa kujifanya wapigania uhuru. Hoja yetu ni kwamba mbinu hiyo inadhoofisha ushahidi wa kitabu chenyewe. Mwanakijiji aliyegongewa mlango usiku hakuwa na njia ya kumtambua mgeni wake. Kwa hiyo, utetezi wa kamanda hauwezi kuwa neno la mwisho kuhusu nani alitenda nini. Mfano ni Nyadzonya, Msumbiji, Agosti 1976. Askari waliingia kambini wakijifanya wanajeshi wa FRELIMO, na zaidi ya watu 1,000 wakauawa. Rhodesia iliiita kambi ya wapiganaji, ilhali UNHCR iliitambua kuwa ya wakimbizi. Aidha, askari wengi wa kikosi walikuwa Waafrika, wakiwemo wapiganaji waliotekwa na kugeuzwa, lakini sauti zao zinatufikia kupitia kinywa cha kamanda. Hatupendekezi kitabu kiwekwe kando. Tunapendekeza kisomwe sambamba na simulizi za manusura na za askari hao, kwa kuwa ukimya wao ndio unaoipa sifa ya kikosi uthabiti usiostahili.