Pavarotti na Ufundi Uliofunikwa na Sifa

Luciano Pavarotti alifariki Modena tarehe 6 Septemba 2007, lakini ubishi juu yake haukuzikwa naye. Kundi moja linamwona mfalme wa tenori, sauti ambayo wanakwaya wa kwetu huiita sauti ya tatu, na ushahidi wao mkubwa ni C ya juu: mwaka 1972, katika jumba la Metropolitan Opera la New York, aliipiga mara tisa katika wimbo mmoja wa opera ya Donizetti, La fille du régiment, na ukumbi ukarindima kwa shangwe. Kundi la pili linamwona mtu aliyejaliwa koo la ajabu akalipeleka sokoni: uigizaji ulimshinda, kusoma noti hakukuwa fani yake, na uzeeni akaishia kuimba viwanjani na wanamuziki wa pop. Kwa maoni yangu makundi haya ni ndugu wa damu. Yote mawili huichukulia sauti ile kuwa tunu ya kuzaliwa nayo. Moja linaishangilia, jingine linanung'unika kwamba ilichezewa. Anayesahauliwa ni fundi.

Mwimbaji wa opera hana kipaza sauti. Kati yake na wasikilizaji kuna okestra nzima, na aliyeketi roshani ya juu kabisa naye amelipa kiingilio. Kupaza tu hakumfikishi mbali. Aliyefunzwa hulitengeneza koo na kinywa chake mpaka sauti ipate mng'ao karibu na hezi 3,000, eneo ambalo okestra haina nguvu nyingi, ndipo anasikika bila kushindana nayo. Taabu kubwa ni kwamba tenori ana kivuko, karibu na F na G zilizo juu ya C ya kati, ambapo koo hulazimika kubadili namna ya kufanya kazi. Wengi wakifika hapo hupiga ukelele, au huifunika irabu mpaka "a" ikaribie "o" na neno lizame. Pavarotti alivuka na neno lake mkononi. Isikilizwe La bohème aliyoirekodi mwaka 1972 na mwimbaji Mirella Freni, Herbert von Karajan akiongoza okestra: sauti inapanda, inajaa, inashuka, na silabi hazigandani wala hazimezwi. Sisi tuliolelewa na lugha ya irabu tano zisizopindapinda tuna bahati ya kulitambua jambo hili upesi, hata bila kujua Kitaliano. Hiyo C ya juu ni matokeo tu; kazi yenyewe ilikwisha kufanyika noti kadhaa chini yake.

Na kazi hiyo ilifunzwa. Baba yake, Fernando, alikuwa mwoka mikate mwenye tenori nzuri, akabaki na mikate yake na kwaya ya mji. Mwana alikwenda kwa mwalimu Arrigo Pola, kisha kwa Ettore Campogalliani, miaka ya mazoezi kabla ya kupanda jukwaani kama Rodolfo wa La bohème huko Reggio Emilia mnamo Aprili 1961. Hata baada ya hapo hakujiona amehitimu. Mwaka 1965 alizunguka Australia na mwimbaji wa soprano Joan Sutherland, na mwenyewe alikiri kwamba kwa mama huyo ndiko alikojifunza kuitawala pumzi, akimshika mbavuni ahisi misuli inavyoibeba sauti. Mtu anayetegemea tunu peke yake hahangaiki hivyo, tena akiwa tayari ameshaimba katika jumba la opera la Covent Garden, London.

Wapinzani wana hoja, na baadhi siwezi kuzipangua. Tenori mwenzake Plácido Domingo aliimba nafasi nyingi zaidi, kwa lugha nyingi zaidi, na kwa kuigiza alimwacha mbali. Jumba la opera la Chicago walichoka na Pavarotti mwaka 1989 kwa kughairi maonyesho mara kwa mara, na walikuwa na haki. Katika jumba la La Scala, Milan, wasikilizaji walimzomea katika opera ya Don Carlo mwaka 1992, naye akakubali kwamba alikosea. Lakini upana ni kipimo kimoja na ukamilifu wa kitu kimoja ni kingine. Mchonga milango hashushwi cheo kwa kuwa hajui kuunda jahazi.

Hoja nzito kuliko zote ni ya kipaza sauti. Tangu tamasha la Roma la Julai 1990, alipoimba na Domingo na José Carreras katika magofu ya Caracalla, mamilioni walimjua kupitia mitambo, na mitambo huficha jambo lenyewe ninalolisifu. Ni kweli, na nadhani biashara ile iliwazoesha watu kungoja noti ya mwisho badala ya kusikiliza sentensi nzima. Hata hivyo wakati huo alikuwa ameshafanya kazi jukwaani karibu miaka thelathini. Anayetaka kumhukumu aanze na rekodi ya Reggio Emilia ya 1961. Haina usafi wa studio, na kijana anayeimba bado hana jina la kumbeba. Ila maneno ya Rodolfo yanasikika, moja moja, mpaka juu.