Mililita Mia Nane Kwenye Leso

Hospitali za umma za Kisii na Nyamira huwa na saa ya masomo asubuhi, kabla ya raundi ya wodi. Kila mtu huiita CME. Daktari bingwa hukaa safu moja na afisa wa kliniki, wauguzi waliokesha zamuni hupigana na usingizi, wanafunzi hujibanza nyuma. Daktari wa Kenya anahitaji pointi 50 za masomo ya namna hii kila mwaka ili leseni yake ihuishwe, kwa hiyo wapo wanaokuja kwa ajili ya pointi. Sioni ubaya wowote. Aliyefuata pointi naye ana masikio, na mtoa mada hodari anajua jinsi ya kuyapata.

Mada inayonionyesha ufundi huo vizuri kuliko zote ni damu inayovuja baada ya mama kujifungua. Mtu wa Gesima, huko Nyamira, anaielewa haraka. Mama akianza kuvuja damu usiku katika kituo cha afya huko milimani, chumba cha upasuaji na akiba ya damu viko mbali, Nyamira mjini au Kisii, na mvua ikishanyesha gari haliwezi kukimbia. Atakayeamua kama mama huyo ataishi ni yule aliye naye chumbani dakika hizo za kwanza.

Mtoa mada wa kawaida hufungua projekta na kuanza na takwimu za dunia nzima. Hodari huja na ndoo. Kabla watu hawajafika amepima maji, akayatia rangi nyekundu, akayamwaga: mengine kwenye leso, mengine kwenye pamba, mengine yakatiririka chini ya kitanda. Kisha anauliza damu hiyo ni kiasi gani.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Hamwulizi daktari bingwa kwanza. Mkubwa akishataja nambari, nani tena atataja nyingine? Anagawa vikaratasi, kila mtu anaandika kimya, na anaanza kusoma majibu ya wauguzi wachanga. Mia tatu. Mia nne. Mara chache mia sita. Kisha anainua chupa aliyopimia: mililita 800. Bingwa naye alikuwa ameandika 400, na sasa chumba kizima kiko upande mmoja. Aliyekosea ni jicho, kwa sababu leso hunywa damu na kuificha. Hakuna aliyeaibika, na usingizi umekwisha.

Baada ya hapo ndipo anapoleta utafiti, wakati watu wameshauona umuhimu wake. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la E-MOTIVE lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, likihusisha zaidi ya wanawake 210,000. Mama aliwekewa chini karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari ya kupimia, na damu ilipofika kiwango cha hatari alipewa matibabu yote kwa pamoja: kukandwa mji wa mimba, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, kuchunguzwa. Penye kukisia kwa macho, kati ya wanawake waliovuja damu nyingi waliogunduliwa walikuwa kama nusu tu. Penye kupima, 93 kwa mia. Kuvuja kupita kiasi, kupasuliwa au kufa kwa ajili ya damu kulipungua kwa asilimia 60.

Kazi ngumu zaidi ya mtoa mada, hata katika mada nyingine, ni kumwachisha mtu alichofundishwa. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi alitiwa maji mengi ya dripu kwa haraka. Jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2011, lilifuatilia watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Katika kila watoto 100 waliotiwa maji hayo haraka, zaidi ya kumi walifariki ndani ya saa 48. Kwa wasiotiwa, kama saba. Wasikilizaji wengine wamewahi kuitundika dripu hiyo kwa mikono yao wenyewe, wakiamini wanaokoa. Mtoa mada mwenye moyo huwaacha wanyamaze kidogo. Kisha anaweka mpaka waziwazi: mtoto aliyekaushwa na kuharisha hakuwemo katika jaribio hilo, na huyo bado anahitaji maji yake. Asipolisema hilo, somo lenyewe litaua.

Kisha kuna sehemu isiyo na pointi, nayo naiheshimu kuliko mhadhara. Wiki moja baada ya somo la damu mtoa mada anashuka wodi ya kujifungulia bila kutangaza. Anaangalia kama trei ya dharura imejazwa. Anatazama kipimajoto cha friji, maana oksitosini hutakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Halafu anamwuliza sista wa zamu, kwa upole, ufunguo wa friji hukaa kwa nani saa nane za usiku.