Sinema za Kutisha za Zamani: Zatufundisha Kumwogopa Nani?

Vijana wetu wa Luhwindja wapenda sana sinema za kutisha. Jua likishakuchwa, mwenye simu huwakusanya wenzake, na watu sita au saba huinamia kioo kimoja kidogo. Wazazi wengine hunung'unika na kuuliza kama Mkristo aruhusiwa kutazama mambo ya mashetani na ya wafu wanaotembea. Swali hili si la mchezo. Sisi si mafundi wa sinema, tu watazamaji tu kama ninyi, wasomaji wapenzi. Lakini tumezitazama picha kadha wa kadha za zamani, na maoni yetu ni haya.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba Kanisa halikuikataa sinema. Papa Pius wa 11 aliandika barua juu yake mwaka 1936, na Papa Pius wa 12 aliandika nyingine mwaka 1957. Wote wawili walifundisha kwamba sinema ina nguvu kubwa ya kuuinua moyo na nguvu kubwa ya kuuharibu. Kwa hiyo mtazamaji hana budi kuchagua. Tena mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilitoa orodha ya picha 45 zinazostahili kusifiwa. Wengi watashangaa kusikia kwamba katika orodha hiyo mna picha ya kutisha. Ndiyo "Nosferatu", iliyotengenezwa Ujerumani na F. W. Murnau mwaka 1922.

Basi kutisha peke yake si dhambi. Hata bibi zetu walitutisha kwa hadithi za mazimwi penye moto, wala hawakutudhuru. Neno la kuuliza ni hili: picha hii yanifundisha kumwogopa nani?

Tuanze na hiyo "Nosferatu". Haina sauti, maneno machache huandikwa kati ya picha na picha. Yasimulia habari za Orlok, mfu anyonyaye damu, anayetoka katika ngome yake akasafiri kwa merikebu pamoja na panya, akaleta tauni katika mji. Kijana aliyezoea picha za siku hizi atasema inakwenda pole pole mno. Ni kweli. Lakini atazame kile kivuli kinachopanda ngazi usiku: halionekani hata tone la damu, na mwili wasisimka.

Tena kuna jambo ambalo watazamaji wengi hawaliangalii. Maradhi yanapozidi, watu wa mji wanatafuta wa kubebeshwa hatia. Wanamwona mtu mmoja aliyerukwa na akili, jina lake Knock, wanamfukuza barabarani hata mashambani, wakakirarua kinyago cha kutishia ndege wakidhani ndiye. Knock alimtumikia Orlok kweli, lakini kumkamata hakuponyi mgonjwa hata mmoja. Wakati huo wote Orlok mwenyewe yumo nyumbani mwake. Mji hauponywi na wale wenye kukimbia na kupiga kelele. Unaponywa na mwanamke mmoja, Ellen, anayeutoa uhai wake ili kumzuia Orlok mpaka jua lichomoze na kumwangamiza.

Sisi twajua mambo kama hayo. Mwezi wa Agosti 2019 Ebola ilifika hata kwetu Mwenga. Mara uvumi ukaenea mbio kuliko ugonjwa wenyewe: wengine wakasema ni sumu, wengine wakasema ni biashara ya wakubwa. Huko Kivu ya Kaskazini wauguzi walitupiwa mawe na wale wale waliokuja kuwaponya. Murnau hakuijua Kongo, lakini alimjua mwanadamu mwenye hofu.

Picha ya pili ni "Frankenstein", iliyotengenezwa Marekani na James Whale mwaka 1931. Watu wengi hudhani Frankenstein ni jina la yule jitu. Sivyo, ni jina la bwana aliyemtengeneza kwa viungo vya maiti, akitaka kuwa muumba mahali pa Mungu. Jitu lenyewe, aliloliigiza Boris Karloff, ni kama mtoto mchanga mwenye nguvu za kutisha. Linapigwa na kuchomwa kwa moto kabla halijamdhuru mtu. Halafu linakutana na mtoto wa kike kando ya ziwa. Wanacheza pamoja, wakitupa maua majini ili yaelee. Maua yanapokwisha, jitu lamtupa mtoto, likidhani naye ataelea kama ua. Baba yake amchukua maiti mikononi, apita katikati ya watu wanaosherehekea arusi, na ngoma zote zanyamaza. Hatujaona katika picha mpya huzuni ipitayo hiyo.

Kisha mji wote wawasha mienge, wachukua mbwa, wazunguka kinu cha upepo na kukichoma moto na jitu ndani yake. Hasira yao twaielewa, maana mtoto amekufa. Lakini tulipotazama nyuso zile kwenye mwanga wa moto, tulianza kuwaogopa wao.

Picha ya tatu yaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Ni "Night of the Living Dead" ya George Romero, ya mwaka 1968. Wafu wamefufuka na kula watu, na watu wachache wamejificha katika nyumba moja. Kiongozi wao ni Ben, kijana mweusi mwenye akili na moyo, aliyeigizwa na Duane Jones. Wenzake wote wafa. Yeye peke yake aupita usiku ule. Asubuhi laja kundi la watu wenye bunduki kuwasaka wafu. Wamwona Ben dirishani, wampiga risasi bila kumwuliza neno, kisha waitupa maiti yake motoni pamoja na nyingine. Picha yaishia hapo. Haifai kwa watoto, tena ni ngumu hata kwa wakubwa. Lakini hasemi uongo mwenye kusema kwamba ina fundisho.

Hatusemi kwamba picha za zamani hazina kasoro. Katika "Dracula" ya 1931 msalaba hutumiwa kama hirizi ya kufukuzia jini, na sisi twajua kwamba Msalaba wa Bwana si hirizi. Katika "Frankenstein" wasema jitu ni baya kwa sababu lilitiwa ubongo wa mhalifu, kana kwamba mtu huzaliwa hana budi kutenda dhambi. Na "King Kong" ya 1933 yawaonyesha watu weusi wa kisiwani kama washenzi wa kuteka wanawake tu. Mambo hayo tuyakatae wazi mbele ya vijana wetu.

Lakini kuna picha nyingine, zilizo mpya kuliko hizo, ambazo twaziogopa zaidi. Mfano ni "End of the Wicked" ya mwaka 1999, ya mhubiri Helen Ukpabio wa Nijeria. Yaonyesha watoto wakikutana na wachawi usiku na kula nyama za watu. Waliotetea haki za watoto walipomlaumu, yeye alijibu kwamba sinema ni hadithi tu. Jibu hilo halitutoshi. Orlok hafanani na jirani yetu yeyote. Mtu akizima simu, hofu yake yalala. Lakini mchawi wa picha hiyo ana sura ya mtoto wa nyumbani. Mtu akizima simu, yule mtoto bado yupo, amelala chumba cha pili, na kesho akiugua mtu atatazamwa yeye.

Na hapa kwetu Kivu ya Kusini si hadithi. Mwaka 2021 wanawake kadhaa walioshtakiwa uchawi waliuawa upande wa Kalehe, wengine kwa moto. Waliowaua hawakujiona wabaya. Walijiona kama wale watu wa mji wenye mienge, wanaowaokoa watoto wao.

Mkristo na akumbuke jinsi Bwana Yesu alivyofanya alipoletewa mwanamke wa kupigwa mawe. Hakujiunga na umati, wala hakuukimbia. Aliinama akaandika chini, akawapa muda kila mmoja kuitazama roho yake mwenyewe.

Kwa hiyo, wazazi, msiwanyang'anye vijana simu kwa sababu tu wameona picha ya mfu. Kaeni nao, mtazame pamoja, na mwisho waulizeni nani alikuwa na hatia, na nani aliuawa bure. Kijana aliyemsikitikia Ben kwa dhati hataokota jiwe upesi siku watakapomtaja bibi kizee wa kijiji chake.