Uhakiki wa Hoja ya Vizazi Viwili: Halijoto na Dayapozi katika Mbawakawa wa Msonobari

Miongoni mwa tafiti kuhusu halijoto na mzunguko wa maisha wa mbawakawa wa magome, ule wa Mitton na Ferrenberg (2012), uliofanyika katika milima ya Colorado, Marekani, umezua mjadala mkubwa. Wataalamu hao waliripoti mambo mawili kuhusu mbawakawa wa msonobari wa milimani (Dendroctonus ponderosae). Kwanza, msimu wake wa kuruka ulianza zaidi ya mwezi mmoja mapema na kurefuka takribani maradufu. Pili, baadhi ya uzao ulikamilisha vizazi viwili kwa mwaka badala ya kimoja. Waliegemea dai kwamba mdudu huyu hana dayapozi, yaani kipindi cha kusita kwa ukuaji kinachotokana na maumbile yake; hivyo, joto likiongezeka, ukuaji nao huharakishwa. Dai hilo linastahili kuhakikiwa kwa sababu ndilo linalobeba hitimisho zima.

Taarifa ya msimu wa kuruka ina thamani, kwani inaonesha mabadiliko yaliyotokea msituni. Hata hivyo, msimu mrefu si ushahidi wa vizazi viwili. Katika miinuko yenye baridi, baadhi ya wadudu huchukua miaka miwili kukomaa, na wazazi waliosalimika majira ya baridi huweza kutoka tena na kushambulia miti mingine. Makundi hayo yakiruka kwa nyakati tofauti, msimu hurefuka bila kizazi kuongezeka. Ili kuthibitisha vizazi viwili, ni lazima kufuatilia uzao wa miti ileile tangu shambulio hadi watoto wachomoze, na kisha uzao wa watoto hao, huku halijoto ya chini ya gome ikipimwa.

Bentz na Powell (2014) waliipinga hoja hiyo kwa msingi wa fiziolojia. Kila hatua ya ukuaji ina kizingiti chake cha halijoto. Mayai na mabuu wachanga hukua katika ubaridi, lakini buu wa hatua ya mwisho huhitaji takribani nyuzi 15 za Selsiasi ili awe bundo. Kizingiti hicho cha juu huwazuia waliotangulia, huwapa waliochelewa nafasi ya kuwafikia, na hivyo huwezesha kuchomoza kwa pamoja. Aidha, mabuu hujikinga na baridi kwa kulimbikiza gliseroli, ilhali mayai na bundo ni dhaifu zaidi. Kwa hiyo, kizazi cha ziada kinaweza kuikuta baridi kikiwa katika hatua isiyoihimili. Kuharakisha ukuaji, basi, si lazima kuwe faida.

Pigo zito zaidi kwa dai la msingi lilitoka kwa Bentz na Hansen (2018), waliowasilisha ushahidi wa dayapozi katika buu aliye karibu kuwa bundo. Matokeo hayo yanamweka mdudu huyu karibu na jamaa yake, mbawakawa wa msprusi (Dendroctonus rufipennis). Kwa huyo, ubaridi wa kiangazi huchochea dayapozi ya mabuu na kurefusha mzunguko hadi miaka miwili. Kiangazi chenye joto huufanya kuwa wa mwaka mmoja.

Ulinganisho huo haupunguzi hatari ya ongezeko la joto, bali unaionesha mahali pake. Katika miinuko ya juu, kuhama kutoka mzunguko wa miaka miwili hadi wa mwaka mmoja kunatosha kuongeza mashambulizi dhidi ya misonobari ambayo hapo awali ililindwa na baridi. Modeli inayohesabu joto peke yake bila vizingiti wala dayapozi inaweza kutabiri vizazi visivyokuwapo, na wakati huohuo kuficha badiliko hili lililo hatari zaidi. Kwa msingi huo, uchunguzi wa Mitton na Ferrenberg kuhusu msimu wa kuruka unabaki na uzito, lakini hitimisho lao la vizazi viwili halijathibitishwa na ushahidi walioutoa.