Anguko lisilo na Kisa: Kasoro ya Masimulizi katika Nitro

Mieleka ya maonyesho, ambayo Wakongo huiita kachi, ni sanaa ya masimulizi. Mtazamaji wa Birere, mjini Goma, aliyezoea kusikia kwamba mwanamieleka humwangusha mwenzake kwa dawa bila kumgusa, anajua kwamba mshindi amepangwa. Hadai ukweli, anadai sababu. Dawa yenyewe ni sababu, kwani huandaliwa kwa ngoma, kwa vazi na kwa kisa.

Kipimo hicho chaeleza kuporomoka kwa Nitro, kipindi cha kampuni ya WCW ya Marekani kilichoanza mwaka 1995. Hadi Aprili 1998 kilikuwa kimeishinda WWF kwa idadi ya watazamaji majuma 83 mfululizo. Lakini tarehe 4 Januari 1999, mjini Atlanta, watazamaji walioahidiwa pambano la ubingwa walimwona Hulk Hogan akimgusa Kevin Nash kifuani kwa kidole. Nash akajibwaga, ubingwa ukahama. Hila hiyo ilikusudiwa kuonyesha kwamba wawili hao wameungana. Aliyehadaiwa, hata hivyo, hakuwa mpinzani ulingoni, bali mtazamaji.

Wapo watakaolaumu urefu, kwani mwaka 1998 kipindi kilifikia saa tatu. Hoja hiyo haitoshi: mwaka 1956 Candi Rureke alitamba utendi wa Mwindo wa Wanyanga, hapahapa Kivu, kwa siku 12, na wasikilizaji hawakumkimbia. Urefu huchosha pale tu ahadi isipotimizwa. Nitro ilikoma tarehe 26 Machi 2001.