Fuvu la Kichwa na Kitabu cha Bwana Gall

Katika vitabu vilivyoandikwa juu ya kichwa cha mwanadamu, ni vichache vilivyosifiwa sana kisha vikakanushwa sana kama kile cha Franz Joseph Gall, tabibu wa Kidachi, kilichopigwa chapa Paris kwa sehemu nne tangu mwaka 1810 hata 1819. Twataka kukipima hapa, kwa maana fikira zake zingali vinywani mwa watu wasiopata kusikia jina lake. Mtoto mwenye komwe husemwa ana akili. Mwenye kichwa kidogo huhesabiwa mjinga kabla hajafungua kitabu. Hata sisi waalimu hunena hivyo.

Gall afundisha mambo matatu. Kwanza, akili na tabia makao yake ni ubongo. Pili, ubongo una sehemu nyingi, na kila sehemu ina kazi yake. Yeye alihesabu nguvu 27. Tatu, sehemu iliyo kubwa husukuma mfupa juu yake, hata mtu apapasapo fuvu aweza kusoma tabia ya mwenyewe. Asimulia ya kuwa shuleni aliona wenziwe wenye macho ya kutokeza ndio waliokuwa hodari wa kukariri maneno, na hapo ndipo fikira yake ilipoanza.

Yatupasa kumpa haki yake. Jambo la kwanza ni kweli. La pili nalo lina kweli ndani yake, ingawa zile nguvu 27 hazikuthibitika: mwaka 1861 tabibu Paul Broca wa Ufaransa alionyesha kwamba mtu aliyeumia mahali fulani pa ubongo, upande wa mbele, hupotewa na usemi. Lakini nguzo ya kitabu ni jambo la tatu. Nalo, tusibishane kwa maneno, tuliulize fuvu lenyewe.

Fuvu la mtu mzima lina mifupa 22. Mifupa 8 huuzunguka ubongo kama ukuta na dari, na 14 ni ya uso. Katika yote ni taya la chini tu liwezalo kwenda juu na chini; mingine imeshikamana kwa maungio yenye meno kama ya msumeno. Kwa mtoto mchanga maungio hayo hayajakaza, ili kichwa kipate kupita wakati wa kuzaliwa, na ubongo upate nafasi ya kukua. Ndiyo sababu utosi wake ni laini, nao kwa kawaida hufunga kabla hajatimiza miaka miwili. Chini ya fuvu mna tundu kubwa, ambamo ubongo huungana na uti wa mgongo.

Basi ni kweli kwamba ubongo wa mtoto hulikuza fuvu. Gall alikosa alipodhani kwamba uso wa nje wa mfupa hufuata uso wa ndani. Juu ya shina la pua, kati ya nyusi, aliweka nguvu ya kukumbuka mambo. Lakini mfupa wa paji la uso hapo una uwazi wenye hewa ndani yake, mkubwa kwa huyu na mdogo kwa yule. Nyusi zaweza kutokeza bila ubongo kuwa na habari. Juu ya masikio aliweka tamaa ya kuua. Msomaji na aweke vidole panjani, juu kidogo ya sikio, kisha akaze meno: atasikia msuli ukivimba. Unene wa mahali pale ni wa msuli wa kutafunia. Kumbe aliyedhaniwa mwuaji ni mtafunaji hodari tu! Na macho hukaa katika shimo lililojengwa kwa mifupa 7, pamoja na mafuta. Kutokeza kwake hakuna neno na kukariri.

Kosa kubwa zaidi ni njia yake ya kutafuta. Alikwenda magerezani na kwa wenye wazimu, akakusanya vichwa vilivyokubaliana naye. Visivyokubaliana akavitafutia udhuru. Mwaka 2018 wataalamu wa Oxford walipima vichwa vya watu karibu 6,000 kwa mitambo ya kupiga picha za ndani ya mwili. Hawakuona ushahidi wowote wa mafundisho haya.

Kosa hili halikubaki kitabuni. Mwaka 1839 Samuel George Morton wa Marekani alitoa kitabu cha mafuvu, akiyapanga mataifa kwa daraja kwa ukubwa wa vichwa. Mwishoni mwake mna maneno ya George Combe, mfuasi wa mafundisho ya Gall. Hata kutoka nchi zetu, wakati wa utawala wa Wadachi, mafuvu ya wafu zaidi ya elfu yalichukuliwa hata Berlin yakapimwe. Wenye mafuvu hawakuulizwa, wala jamaa zao.

Hukumu yetu ni hii: kitabu cha Gall kilisema kweli juu ya ubongo, kikasema uongo juu ya mfupa, na watu wakaushika ule uongo, kwa kuwa ni rahisi kupapasa kichwa kuliko kumfundisha mwenye kichwa. Nyumba njema si mlango. Mfupa kazi yake ni kulinda kilichomo. Kukijua kilichomo ni kazi ya mwalimu, kwa kuuliza na kusubiri jawabu.