Picha ya Juu ya Jalada

Miaka niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, kila mwanachuo alikuwa na jalada lake ofisini, na ndani ya kila jalada karani alibana picha ndogo ya pasipoti ambayo mwanachuo alikuja nayo siku ya kuripoti. Picha ile haikubadilishwa tena. Mtu aliweza kuhitimu, akafundisha Sengerema au Ukerewe miaka ishirini, akaota mvi, na bado ukifungua jalada lake ukamkuta kijana mwenye macho ya woga, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, lakini sote tuliujua. Picha ya jalada ilikuwa picha ya siku ya kwanza, na hakuna aliyedai kwamba ndiyo sura ya mtu mzima.

Nimeukumbuka utaratibu ule kwa sababu ya kompyuta.

Mama watoto alipokwisha kufariki, picha zake zilikaa kwenye bahasha tatu kabatini kwa miaka kadhaa. Baadaye nikazibeba mpaka kwenye duka moja la fotokopi hapa Mirongo, si mbali na mto, na kijana wa pale akaziingiza zote kwenye kompyuta kwa mashine yake. Nyumbani nilizigawa katika folda, yaani majalada ya kompyuta: moja nikaiita Shule, nyingine Ukerewe, nyingine Mama. Jioni hiyo mjukuu wangu, mtoto wa miaka sita ambaye hakupata kumwona bibi yake, alisimama nyuma ya kiti changu akayatazama yale majalada yaliyojipanga kwenye kioo. Programu ya picha huweka juu ya kila folda picha moja ndogo ili mtu ajue kilichomo ndani. Juu ya folda ya Mama palikuwa na jeneza.

"Babu, bibi ndiyo hilo sanduku?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu la haraka. Nilifunga kompyuta, nikamwambia tukale.

Nilichukua siku mbili kuelewa jambo hilo lilitokeaje. Programu ile, ambayo sina haja ya kuitaja kwa kuwa si peke yake, huchukua picha iliyohifadhiwa mwisho. Kumbe picha ya jeneza ilikuwa imeingizwa kwa ubavu, nami kwa uangalifu wa mwalimu nikaizungusha isimame wima, kisha nikaihifadhi. Picha nyingine zote zilikuwa zimekaa sawa, sikuzigusa. Kwa hesabu ya kompyuta, kuigeuza picha ni kuibadilisha, na iliyobadilishwa mwisho ndiyo mpya kuliko zote. Basi mimi mwenyewe ndiye niliyeliweka jeneza mbele, kwa mkono wangu, bila kujua kwamba nachagua.

Watengenezaji wa programu hizi wamekuwa na njia chache za kulitatua jambo hili. Njia ya kwanza ni kushika picha inayotangulia kwa jina. Kamera huzipa picha majina ya namba, kwa hiyo inayotangulia huwa ile iliyopigwa mtu akijaribu kamera: kiatu, dari, nusu ya mlango. Hii ni njia ya kijinga lakini haina madhara. Inafanana na utaratibu wa karani wangu. Njia ya pili ni ya kuchukua ya mwisho. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliweka juu ya folda picha nne kwa pamoja, zile zilizobadilishwa karibuni zaidi. Nne ni afadhali kuliko moja, maana uso mmoja ukikosea huenda mwingine ukasahihisha. Tena programu ile iliacha mlango wazi: ukiweka ndani ya folda picha yenye jina folder.jpg, hiyo ndiyo iliyoonyeshwa mbele, na mashine ikaacha kukisia. Nauona huo kuwa uungwana mkubwa, ingawa ni watu wachache walioambiwa kwamba mlango upo. Programu za baadaye, kama digiKam na Photos ya Apple, nazo humruhusu mwenye picha kuteua ya mbele. Ruhusa hiyo aghalabu imefichwa nyuma ya kitufe cha kulia cha kipanya, mahali ambapo mzee wa umri wangu hafiki ila kwa kupotea njia.

Njia ya tatu ndiyo inayosifiwa siku hizi: mashine itazame picha na kuamua ipi inafaa. Hapa sina budi kusema wazi kwamba siiamini. Mtandao wa Twitter, kabla haujaitwa X, uliwahi kuiachia mashine ikate kila picha ndefu na kuonyesha kipande ambacho jicho la mtu lilitarajiwa kukitazama kwanza. Septemba 2020 watumiaji walionyesha kwamba penye uso mweupe na uso mweusi mashine ilielekea kuchagua mweupe. Mei 2021 wataalamu wa kampuni yenyewe walitangaza walichopima: mwelekeo wa asilimia 4 kwa upande wa weupe, na asilimia 8 kwa upande wa wanawake dhidi ya wanaume. Asilimia 4 si nyingi, atasema mtu. Lakini kampuni iliona bora kuacha picha za kawaida zionekane nzima, ikasema kwamba namna ya kuikata picha ni uamuzi unaowafaa zaidi watu. Nimesoma taarifa nyingi za kampuni zisizokuwa na busara kiasi hicho.

Hata hivyo, kosa la kutanguliza ya mwisho si la mashine peke yake. Sisi wa Mwanza tunalijua. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia kufika hapa kutoka Bukoba, ikaua mamia ya watu, na wengi wao wamezikwa Igoma. Ukiitaja meli hiyo leo, picha inayomjia kila mtu ni lile tumbo la chuma lililopinduka juu ya maji, na waokoaji wamesimama juu yake. Picha hiyo ni ya kweli na haifai kusahauliwa. Lakini meli ile ilisafiri miaka mingi kabla ya asubuhi hiyo. Tulipanda na mikungu ya ndizi na walimu wanafunzi waliokwenda mazoezini Kagera. Watu walichumbiana ndani yake. Hayo yote yamo ndani ya jalada, ila juu yake pamebandikwa siku moja.

Nikirudi nyumbani kwangu, nakumbuka usiku wa msiba tulivyokaa kuchagua picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Shemeji yangu alitaka ile ya kanisani, yenye kitambaa cheupe kichwani. Binti yetu mkubwa alitaka ya darasani, mwenye chaki mkononi. Mimi nilinyamaza. Wazee waliuliza maswali: hapa alikuwa mgonjwa? Hapa ndivyo alivyokuwa akicheka? Kikao kilikwenda karibu saa nzima, na watu wawili walilia. Ikapita ya kanisani. Wala sikusikia mtu akipendekeza tuchukue iliyopigwa mwisho, maana ya mwisho ilikuwa ya hospitali.

Basi ninachowadai watengenezaji ni kidogo. Folda mpya ikae tupu juu, bila picha yoyote, mpaka mwenyewe aulizwe. Wanaosema kwamba watu hawana muda wa kujibu swali hilo kwa kila folda wana haki yao. Kwa picha za matofali na mabati mashine na ichague ipendavyo. Lakini haiwezi kutofautisha folda ya matofali na folda ya Mama, na kwa kuwa haiwezi, iulize.

Siku ya tatu nilimwita mjukuu tukafungua picha zote mia moja na kumi na mbili. Tuliyoichagua ilipigwa ndani ya MV Bukoba, miaka ya themanini. Mama watoto ameegemea ukingo wa meli, kitenge kimekunjamana kwa upepo, amefumba jicho moja kwa sababu ya jua, na miguuni pake kuna mkungu wa ndizi. Mtoto aliuliza bibi anatazama nini. Nikamwambia anatazama Mwanza, wanakaribia kufika.

Shemeji alipokuja Jumapili hakuridhika. Anasema kitenge kile hakikupigwa pasi, na kwamba picha ya kanisani ndiyo iliyokubaliwa na ukoo. Tumepanga kulizungumza tena Pasaka, dada zake wengine wakiwapo.